Matundu Sita Hayatoshi: Somo la Kutafuta Rimu za Pikapu Kuukuu



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya mkataba wa hiari, juu ya mizani ya kupimia majani ya chai, na juu ya dawa za kunyunyizia. Leo tunaingia karakana. Wengine watauliza, chama kina kazi gani na rimu za gari? Jibu ni rahisi. Pikapu ya shamba ndiyo inayotupeleka block za mbali alfajiri. Ndiyo inayombeba mama mwenye uchungu usiku kwenda hospitali. Ndiyo inayoleta mshahara. Gurudumu likichomoka mteremkoni, anayeumia ni yule aliyekaa nyuma juu ya magunia, na anayeshtakiwa ni dereva. Meneja aliyenunua rimu hayumo ndani ya gari siku hiyo.

Mashamba yetu ya Uganda yana pikapu nyingi za miaka ya 1980 na 1990: Toyota Hilux, Nissan, Isuzu, Mitsubishi, Land Rover na Land Cruiser. Magari haya ni imara, lakini rimu zake zimechoka. Zimeliwa na kutu, zimepinda kwenye mashimo ya barabara, matundu yake yamepanuka. Basi mtu hutumwa Kampala, kwenye maduka ya vipuri yaliyo pande za Kisekka, akanunue rimu zilizotumika. Anarudi na rimu nne, anasema: "Zina matundu sita kama zile za zamani. Fungeni." Hapo ndipo hatari inapoanza. Matundu sita hayatoshi. Rimu inalingana na gari pale vipimo vitano vinapokubaliana, na kimoja kikikataa rimu hiyo si yake.

MANENO TUTAKAYOTUMIA

Tukisema rimu, ni ile sehemu ya chuma au alumini. Tairi ni mpira. Rimu na tairi zikiungana ndizo gurudumu. Habu ni kile kichwa cha ekseli ambacho rimu hukaa juu yake. Bolti ni zile zinazotoka kwenye habu, na nati ndizo zinazokaza. Fundi na dereva wanayajua haya. Tunayaandika ili mchumaji wa chai na karani wa stoo nao waweze kufuata somo.

KIPIMO CHA KWANZA: IDADI YA MATUNDU NA DUARA LAKE

Hesabu matundu. Kisha pima duara linalopita katikati ya matundu yote. Kwa rimu ya matundu sita, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolikabili. Kama ni vigumu kuona katikati, pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa ndani wa lile linalolikabili. Matokeo ni yale yale.

Rimu ya matundu matano haina tundu linalokabili. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata sentimita 6.7 kati ya majirani, duara ni kama milimita 114. Ukipata 8.8, duara ni milimita 150. Ukipata 9.7, duara ni milimita 165.

Tazameni mifano. Hilux zinazovuta magurudumu yote manne zina bolti sita katika duara la milimita 139.7, yaani inchi tano na nusu. Hilux nyingi za miaka ile zinazovuta nyuma tu zina bolti tano katika duara la milimita 114.3. Zote zinaitwa Hilux, lakini rimu hazibadilishani. Land Cruiser pikapu ya mwaka 1995 ina bolti sita katika duara la 139.7. Ile ya mwaka 2005 ina bolti tano katika duara la 150, kwa sababu kiwanda kilibadilisha mwaka 1999. Kwa macho ni ndugu, kwa bolti ni wageni. Land Rover za zamani, tangu zile za 1948 hadi Defender za mwisho za 2016, zina bolti tano katika duara la milimita 165.1.

Angalizo: tofauti ya milimita chache isiwadanganye. Rimu ya duara lisilolingana inaweza kulazimishwa kwa spana ndefu ikaonekana imekaa. Kumbe bolti zimevutwa upande na nati hazikukaa vizuri. Bolti iliyovutwa hivyo hukatika baadaye, barabarani, na mzigo ukiwa juu.

KIPIMO CHA PILI: TUNDU LA KATIKATI

Hapa ndipo wengi wananaswa. Pikapu nyingi za Japani zinazovuta magurudumu manne zina duara moja la bolti sita, milimita 139.7. Lakini tundu kubwa la katikati, ambalo habu hupita, si moja. Andikeni haya ukutani karakana:

Toyota Hilux: kama milimita 106.
Nissan na Isuzu nyingi: kama milimita 100.
Mazda na Ford Ranger za zamani: kama milimita 93.
Mitsubishi L200: kama milimita 67.

Sasa fikirini. Mtu ananunua rimu za L200 kwa ajili ya Hilux. Matundu sita yanalingana kabisa. Lakini habu ya Hilux ni milimita 106 na tundu ni 67. Haitaingia. Wengine hutafuta tochi ya gesi wakate tundu lipanuke. Tunasema wazi: rimu iliyokatwa kwa moto isifungwe kwenye gari linalobeba watu. Moto hubadilisha chuma, na tundu lililokatwa kwa mkono haliwi duara sawa.

Kinyume chake ni hatari iliyojificha. Chukua rimu ya Hilux uifunge kwenye L200. Itaingia bila shida, hata mtoto ataifunga. Lakini kati ya habu na rimu kuna nafasi kubwa pande zote. Kama gari lile lilitengenezwa ili habu isaidie kushika rimu katikati, sasa nati peke yake ndizo zinazofanya kazi hiyo, na gurudumu likikaa upande kidogo gari hutetemeka. Kwa hiyo rimu kuingia kwa urahisi si dalili kwamba ni sahihi.

KIPIMO CHA TATU: KINA CHA RIMU

Laza rimu chini, upande wa ndani ukitazama juu. Weka ubao ulionyooka juu ya ukingo. Pima kutoka kwenye ubao kushuka hadi uso ule unaogusa habu. Hicho ndicho kina. Fanya hivyo kwa rimu ya zamani, kisha kwa rimu mpya, zote zikiwa hazina tairi.

Rimu mpya ikiwa na kina zaidi kwa sentimita mbili, ukingo wake wa ndani utasogea sentimita mbili kuelekea chesisi. Unaweza kugusa springi, au fimbo ya usukani pale dereva anapokata kona kali. Kina kikiwa kidogo na upana ni ule ule, gurudumu litatoka nje ya madigadi. Hapo litarusha mawe, na beringi zitabeba uzito kwa namna ambayo hazikutengenezewa, zitakufa mapema.

Rimu nyingi za alumini na baadhi ya zile za chuma zimepigwa chapa ET na namba. Namba hiyo ni milimita kati ya uso unaogusa habu na mstari wa katikati ya rimu. Namba ikizidi, gurudumu linaingia ndani. Tafuta rimu yenye namba iliyo karibu sana na ile ya zamani. Usitegemee jina la gari tu. Hilux zilizotoka kuanzia miaka ya 2000 zina duara lile lile na tundu la katikati lile lile kama zile za zamani, lakini mbele yake zimeundwa kwa namna nyingine. Rimu yake pimeni kina kwanza kabla ya kuifunga kwenye Hilux ya ekseli nzima.

Wapo wanaotatua jambo hili kwa kupanga washa kati ya habu na rimu. Hiyo ni marufuku. Rimu lazima ilale yote juu ya habu, chuma kwa chuma, bila rangi nene, bila udongo, bila washa.

KIPIMO CHA NNE: KIPENYO, UPANA NA BREKI

Tairi ya inchi 15 ni ya rimu ya inchi 15. Tairi ya inchi 16 ni ya rimu ya inchi 16. Hakuna mjadala. Kuchanganya ni kutafuta mlipuko wakati wa kujaza upepo.

Rimu ndogo inaweza kugusa breki. Funga rimu bila tairi, zungusha kwa mkono, tazama nafasi kati yake na breki pande zote. Kisha fikiria na ukubwa wa gurudumu zima. Tairi ya 205R16 ina kimo cha kama milimita 740. Ile ya 7.50R16 ina kimo cha kama milimita 800. Ukifunga hii kubwa mahali pa ile ndogo, spidomita ikisema 80 gari linakwenda kama 87, na breki zinafanya kazi ngumu zaidi. Dereva atadhani anafuata sheria, kumbe hafuati.

KIPIMO CHA TANO: NATI NA BOLTI

Nati mbili zinaweza kufanana kwa macho na kuingia spana moja, lakini meno yake ni tofauti. Bolti za Hilux ni za milimita 12, na meno yake yana hatua ya milimita 1.5. Za Nissan nyingi pia ni za milimita 12, lakini hatua ni 1.25. Nati ya Nissan kwenye bolti ya Toyota itaingia mzunguko mmoja au miwili kisha itagoma. Ukiilazimisha unaua meno ya zote mbili. Nati sahihi huingia kwa vidole.

Tazama pia umbo la nati. Rimu ya chuma kwa kawaida inataka nati yenye ncha ya mteremko, inayokaa ndani ya tundu kama kizibo. Rimu nyingine za alumini zinataka nati ya mguu mnyoofu na washa bapa. Usichanganye. Kisha hesabu mizunguko: kwa bolti ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, nati iingie mizunguko 8 au zaidi kabla ya kukaza. Ikiingia minne tu, rimu ni nene mno kwa bolti hiyo.

KUKAGUA RIMU ILIYOTUMIKA

Vipimo vitano vikikubaliana, bado tuangalie afya ya rimu. Matundu yawe duara. Tundu lililopanuka kama yai limekwisha. Osha eneo la matundu, lipake mafuta ya taa, futa likauke, kisha paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Rimu yenye ufa haichomelewi, inatupwa. Na mtu yeyote asichomelee rimu ikiwa bado na tairi lililojaa, maana joto linaweza kulipasua na kumwua fundi.

Rimu zenye pete ya kufungia, kama zile za Land Cruiser za zamani, zinahitaji heshima yake. Pete ikichomoka wakati wa kujaza upepo hupiga kama risasi. Toa upepo wote kabla ya kugusa pete. Usichanganye pete ya rimu moja na rimu nyingine. Jaza upepo ndani ya kizimba cha chuma, au angalau gurudumu likiwa limefungwa minyororo, na watu wasisimame mbele yake.

Juu ya tairi tuseme machache. Kwenye ubavu kuna namba nne za tarehe. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna pia namba ya uzito. 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615. 110 maana yake kilo 1060. Tairi za saluni zenye 91 zikifungwa nyuma ya pikapu, mbili zinabeba kilo 1230 tu, na hapo uzito wa gari lenyewe umo. Weka magunia na watu kumi, jumlisha mwenyewe.

KUFUNGA

Safisha nyuso zote mbili. Ingiza nati zote kwa vidole. Kaza kwa kuvukana, si kwa kuzunguka: moja, kisha ile inayoikabili. Shusha jeki, kaza mara ya mwisho kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Usirukie spana kwa miguu miwili, maana bolti hunyoosheka. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena. Safari ya kwanza iwe bila abiria. Ukiona kutu nyekundu ikitiririka kutoka kwenye nati, nati imelegea. Simama hapo hapo.

NANI ANAAMUA?

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Dereva na fundi wanaweza kuyajua yote haya, lakini wakaambiwa: "Funga, au toka." Katika shamba moja tulikotembelea, dereva aliletewa rimu ambazo tundu la katikati lilikuwa dogo kuliko habu. Aliagizwa azipeleke zikakatwe kwa gesi. Dereva alimwita mwakilishi wa tawi. Hawakupiga kelele, wala hawakutukana mtu. Walichukua rula na ubao, wakapima rimu ya zamani na rimu mpya, wakaandika namba katika safu mbili, wakazipeleka ofisini pamoja na barua fupi yenye tarehe. Meneja alitazama zile namba akakosa la kujibu. Rimu zilirudishwa dukani. Dereva peke yake angeitwa mkaidi. Namba zilizoandikwa na kupelekwa na tawi haziitwi ukaidi.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za msingi, alindwe asiadhibiwe. Mkataba namba 184 wa mwaka 2001, ulio juu ya usalama katika kilimo, unawapa wafanyakazi wa mashamba haki hiyo hiyo katika kifungu cha 8. Mkataba wa namna hii huifunga nchi iliyouridhia. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Katibu wa tawi awe na nakala, na mkaguzi wa serikali aitwe pale mazungumzo yanapogonga ukuta.

Lakini haki bila ushahidi ni maneno matupu. Ndiyo maana tunataka kila tawi lidai mambo matatu. Kwanza, kila gari linalobeba wafanyakazi liwe na kadi karakana yenye vipimo vitano vya rimu zake. Pili, anayetumwa kununua rimu aende na kadi hiyo, na ikiwezekana aende na fundi. Tatu, fundi au dereva akiandika kwamba gurudumu halifai, gari lisibebe watu mpaka litengenezwe, na aliyeandika asikatwe mshahara. Bei ya rimu nne sahihi ni jukumu la mwajiri. Haitolewi mfukoni mwa dereva, wala hailipwi kwa miguu ya wachumaji.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Ni magari mangapi yanayobeba wafanyakazi katika shamba au kiwanda chenu? Nani hukagua nati kabla ya safari, na anaandika wapi?

2. Chukueni rula na ubao. Pimeni rimu moja ya pikapu iliyopo, vipimo vyote vitano. Je, magurudumu yote manne na lile la akiba yanafanana?

3. Rimu ya Mazda ina matundu sita katika duara la 139.7. Kwa nini haitaingia kwenye Hilux? Na kwa nini ile ya Hilux kuingia kwenye Mazda si habari njema?

4. Dereva akikataa kuendesha kwa sababu ya gurudumu bovu, atamwambia nani kwanza? Barua itaandikwa na nani, na nakala itabaki wapi?

5. Mkataba wenu wa pamoja unasema nini juu ya usafiri wa wafanyakazi? Kama hausemi kitu, andikeni kifungu mtakachopendekeza katika mazungumzo yajayo.

Majibu ya swali la pili na la tano yaletwe na mwakilishi kwenye mkutano wa tawi ujao. Somo litakalofuata ni juu ya breki za trekta na tela.